Fundi Asiyefutwa Jasho

Kwetu Kasongo mpiga ngoma hajifuti jasho. Akikolea, mwanamke mmoja hutoka kwenye kundi, huja akicheza mpaka mbele yake, humfuta uso kwa leso, hupiga kigelegele na kurudi alikotoka. Hiyo ndiyo asante yetu. Mpe kuku, mpe kitambaa, mpe pombe ya ndizi. Kama hakufutwa uso atalala akijua hakupiga kitu. Nalitanguliza hili kwa sababu Fundi ninayetaka kumsimulia alipiga muziki mbele yetu miaka mingi, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, na hakuna mwanamke aliyewahi kumfuta. Naye alilitaka jambo hilo kuliko alivyotaka kula, na mtu huyu alipenda kula.

Nyumba yake na yangu zilipakana. Mimi nilikuwa na cherehani barazani, nashona magauni ya Pasaka na kanzu za Idi, na katikati ya sikukuu napinda leso. Yeye alitengeneza redio. Zamani hizo za Wabelgiji redio za Kasongo ulizijua moja moja: ya misheni, ya Mgiriki mwenye duka, ya karani mmoja aliyejipenda. Zikiugua zililetwa kwake zimefunikwa shuka kama wagonjwa. Kazi aliipata pale kwenye nyumba ya simu ya upepo, ambako alianza kwa kufagia, akaendelea kwa kutazama, na mwishowe akawa anamtengenezea mzungu wake mashine bila mzungu kujua imeponaje. Siku walipoleta mashine mpya walimwambia ile ya zamani akaitupe. Hakuitupa.

Ilikuwa na kasoro moja: ukiikaribia inapiga mluzi. Ukisogeza mkono mluzi unapanda, ukiurudisha unashuka. Fundi mwingine angeiponya. Yeye aliilea. Alisimamisha ufito wa shaba juu yake, akaiunga na bateri ya kamyo, lori la mizigo, akaitilia bomba la gramafoni iliyokufa, na baada ya miezi mingi ya kutuharibia usingizi wa mchana, kile kisanduku kikaimba. Alisimama mbele yake asiguse chochote, akachezesha mkono wa kulia hewani karibu na ule ufito, na sauti ikatoka. Haikuwa filimbi wala zeze. Ilikuwa sauti ya mtu, ila mtu mwenyewe hukumwona. Alikiita kisanduku chake Bibi Arusi, kwa sababu, alisema, bibi arusi hashikwi mbele ya watu.

Asubuhi moja alisimama barazani kwangu na uso wa mtu anayekuja kuposa.

"Hodi, Mama Cherehani."

"Karibu, Fundi."

"Iko kitu yako moja nataka."

"Kama ni uzi, rudisha kwanza ule wa juzi."

"Hapana uzi. Nataka muguu."

"Mguu wangu?"

"Ya cherehani! Ile ya zamani, yenye kuku wanalalia. Bibi Arusi anajua kulalamika, lakini hajui kunong'ona. Nipe ile pedali, nitamufundisha."

Nilimpa, kwa kweli kwa ajili ya kuku zaidi kuliko muziki. Aliifunga kwa kamba kwenye kile kigurudumu cha kuongeza na kupunguza sauti, na tangu siku ile mkono ulipandisha na kushusha wimbo, mguu ukaukuza na kuudogosha. Mkono wa kushoto ulikuwa hauna kazi, na mkono usio na kazi, alisema, ni shahidi wa uongo: ukitikisika kidogo tu, sauti inapinda. Basi akaufunga mgongoni kwa kipande cha kitambaa nilichokata kwenye gauni la mtu. Ndiyo maana hakuweza kujifuta jasho mwenyewe. Mkono mmoja unaimba, mmoja umefungwa, na jua la Kasongo halina adabu.

Alikuwa na masharti yake. Siku ya kupiga hakula mawese, ili vidole visiteleze, nami nilimuuliza vitateleza wapi ilhali havigusi kitu. Alijibu, "Hewa iko na mifupa, mama. Miye nagusa mifupa yake." Hakuvaa saa, hakuvaa pete. Alichukia mvua kama paka, kwa kuwa unyevu ulimtia Bibi Arusi mafua. Mbuzi akipita nyuma ya nyumba wakati anafanya mazoezi, wimbo ulishtuka, naye alitoka nje na kumhubiria yule mbuzi kama mupe, padri wa misheni, anavyohubiri walevi.

Na alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Huyu aliyeimbisha chuma hakuweza kuimba. Misheni walimwomba kwa upole ahame kutoka kwaya aende kubeba bendera. Kucheza ngoma hakujua; mabega yake yalikwenda sokoni na miguu ikaenda shambani. Alipenda sauti na kuchukia makelele, na jogoo wangu watatu walipigwa viatu alfajiri kwa kosa la kufanya kazi yao. Alitengeneza redio za watu wote lakini yake hakuwa nayo. "Redio inasema tu," aliniambia, "haisikilizi. Nikae na mutu wa namna hiyo ndani ya nyumba, juu ya nini?" Alikuwa Mkristo, lakini mwezi wa Ramadhani alifunga nasi kwa sababu, alisema, kula peke yake kulimchosha. Jioni alikuwa wa kwanza kufika kwenye futari, na kwa kula wali na sombe ya majani ya muhogo hakuna Mwislamu aliyemfikia.

Jambo la leso lilianza kijijini Wamaza. Palikuwa na sherehe baada ya mavuno ya pamba, watu wamepumua kidogo kwa kuwa mwenye kuwapimia mizigo ameshaondoka, na Fundi alialikwa apige peke yake. Nami nilikwenda, nikiwa na leso za kuuza. Alianza na wimbo wa kulaza mtoto ambao kila mama pale aliujua. Mwanzoni watu walitafuta nyuma ya nyumba kuona nani anaimba. Halafu wakatulia. Halafu akina mama wakaanza kulia kwa raha, na mmoja mnene, mwenye heshima zake, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye malezi angefanya: akatoa leso kifuani, akaja akicheza kwenda kumfuta jasho.

Hatua ya kwanza, sauti ikapanda. Ya pili, ikapanda tena. Yule mama akadhani wimbo unamkaribisha, akaongeza mwendo, na wenzake wawili wakamfuata. Basi Bibi Arusi akapiga yowe la mbuzi anayeona kisu. Akina mama walitupa leso wakakimbia mpaka kwenye mihogo. Fundi alibaki amesimama, mkono juu, jasho likimwingia machoni, anasema, "Rudini, bamama! Haiko kitu! Ni nyie!" Maneno hayo hayakuwatuliza hata kidogo.

Tangu siku ile, kabla ya kupiga, alichora duara la majivu chini na kuomba watu wasilivuke. Ninyi mnaojua watu wetu mmeshaona kosa lake. Nani anachora duara la majivu bila sababu? Kwenye mji wa Kabambare, mama mmoja mwenye mtoto wa homa aliyachota majivu yale akampaka mtoto kifuani. Fundi alimsihi.

"Mama, ile majivu haiko dawa. Inatoka ku jiko yangu tu, nilipikia bugali."

"Ndiyo, baba," alijibu yule mama, na kuchota tena.

Kwa bahati mbaya mtoto alipona. Mara iliyofuata walikuja watu maradufu, nusu yao na vibakuli, na kabla wimbo haujafika katikati duara lilikuwa limekwisha kubebwa. Akabadilisha, akachora kwa unga wa muhogo. Kuku wakaja kula mstari, na kila kuku akawa na sauti yake. Watu wa Kabambare walisema ulikuwa wimbo mzuri kuliko yote, wakaomba aurudie. Mwishoni aliomba chaki misheni, na chaki hakuna aliyeitamani, lakini sifa ilikuwa imeshasambaa: huyu mtu hakaribiwi.

Hata Bwana Administrata, mkubwa wa serikali, alitaka kujihakikishia. Alimwita na kisanduku chake, akakizunguka, akauliza kama kinasikiliza maneno ya nchi za mbali. Fundi akasema hapana, kinasikiliza tumbo la mtu aliye karibu. Mzungu akanyoosha kidole kwa uangalifu, na Bibi Arusi akabweka. Akaruka nyuma, akagonga meza, akaandika kitu kwenye karatasi, akamruhusu aende zake. Hatukujua aliandika nini. Fundi alisema lazima aliandika "mbwa".

Mahali alipopenda kupiga ni Nyangwe. Wavuvi walikaa ndani ya mitumbwi yao kando ya Lualaba, yeye nchi kavu, na maji yakawa duara lisiloliwa na kuku. Alipomaliza walipiga makasia kwenye maji, pwaa, pwaa, mpaka tukalowa sote. Wakampa samaki mkubwa. Tukirudi na yule samaki kwenye kamyo nilimwambia, "Leo wamekushukuru vizuri."

"Wamenishukuru kwa mbali," alisema. "Mupiga ngoma wa mwisho kabisa, mulevi, mwenye kupoteza mapigo, iko mutu anamukaribia. Miye wananipenda kama vile wanapenda moto."

Nilicheka, na kicheko kile kinaniuma mpaka leo. Maana leso zote walizofutiwa wapiga ngoma wa Kasongo nilizipinda mimi, kwa sindano yangu, na siku ile nilikuwa nazo kapuni, kama kumi hivi. Nilikuwa mjane, jirani yake wa ukuta, na nilihofu midomo. Pia, niseme ukweli, nilihofu yowe. Sikutaka kuwa mwanamke aliyemfanya Bibi Arusi apige kelele mbele ya watu.

Alikuwa na wimbo wake mwenyewe mmoja, hakumwiga mtu. Ulianza chini, sauti ya mzee anayetafuta viatu, ukapanda kidogo kidogo, na karibu na mwisho ulipanda sana, ukakaribia kitu, ukakatika. Kila mara pale pale. Niliuzoea kupitia ukutani mpaka cherehani yangu ikawa inasimama yenyewe ukifika hapo. Nikamuuliza kwa nini hamalizi.

"Inabaki sauti moja ya juu. Nikifikisha mukono, nagusa ufito, na akiguswa ananyamaza. Nisipogusa, sifiki."

"Si uzungushe mashine ipande?"

"Nikipandisha ya juu, napoteza ya chini. Wimbo usiokuwa na chini ni mluzi." Akainua mabega. "Acha. Unabaki ku mulango. Watu wengi wanabaki ku mulango."

Baadaye alihamia Kabambare, kwa kuwa Kasongo alikuja kijana wa kutengeneza redio mwenye vyombo vipya na mashati meupe. Ukuta wangu ukawa kimya, na jogoo wakaishi kwa amani. Nilidhani nimefurahi. Siku ya tatu nilijikuta nasimamisha cherehani pasipo sababu, nasikiliza.

Nilimwona tena miaka kadhaa baadaye, wakati ule watu walipoanza kulitamka neno uhuru bila kutazama nyuma kwanza. Mpwa wangu alikuwa anaolewa Kabambare, na nguo nilizishona mimi. Nilipofika niliuliza habari za Fundi, nikaambiwa yupo, anakohoa, na Bibi Arusi hapigwi tena. Redio zilikuwa nyingi sasa, kila mtu anataka habari. Kisanduku kisichokuwa na habari kilikuwa cha nini? Vijana wa harusi walikuwa na gitaa mbili. Nilikwenda nyumbani kwake nikamkuta amekonda, kola imekuwa pana.

"Mama Cherehani! Umezeeka."

"Na wewe umekuwa kijana?"

"Miye niko na haki ya kuzeeka. Niko na jogoo sasa. Nilikosa wa kugombana naye."

Nikamwambia anapiga kesho kwenye harusi yetu. Akasema hapana, watamcheka. Nikamwambia sijamwomba, nimemwarifu. Mguu wa Bibi Arusi ni wangu, na kama hapigi, nitaurudisha kwa kuku. Alicheka mpaka akakohoa, na akakubali.

Alipiga mchana, baada ya chakula, uwanjani mbele ya nyumba ya mama wa bwana arusi. Jua lilikuwa kali. Vijana waliweka gitaa chini kwa adabu ya kulazimishwa. Alichora duara kwa chaki, nami nikamfunga ule wa kushoto mgongoni kama zamani, nikatoka nje ya mstari. Akaanza wimbo wake.

Wazee walikaa wima. Vijana, baada ya muda kidogo, nao wakaacha kunong'ona. Sauti ilipanda kutoka chini, imechoka kidogo kuliko nilivyoikumbuka, na tamu zaidi. Nikaona jasho likianza kwenye paji la uso wake. Likashuka kwenye nyusi, likaingia machoni. Akafumba jicho moja, kisha la pili, na akaendelea kupiga akiwa kipofu, anatafuta hewani kwa vidole. Nilijua mahali wimbo unapokwenda kukatika. Nilikuwa na leso mkononi, niliyoipinda usiku wa jana kwa ajili ya mpiga gitaa.

Nikavuka chaki.

Nyuma yangu mama mmoja alisema kwa Kibangubangu jambo ambalo nadhani lilikuwa dua. Hatua ya kwanza, sauti ikaruka. Nikasimama. Nilimwona Fundi akishtuka, uso ukanigeukia na macho yamefungwa, na polepole akarudisha mkono wake nyuma kidogo, na sauti ikarudi mahali pake. Nikaelewa. Amenipisha. Nikapiga hatua nyingine. Sauti ikapanda, naye akarudisha tena. Tulikwenda hivyo, mimi nasogea kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano, yeye ananiachia nafasi, na wimbo haukupinda hata mara moja. Nilipofika mbele yake nilinyoosha mkono, nikamfuta paji la uso, nikamfuta jicho hili na jicho lile.

Alifumbua macho. Halafu, mimi nikiwa bado nimesimama pale, akausogeza mkono wake mbele tena, na sasa tulikuwa wawili mbele ya ufito, mwili wangu ukiongezea pale mkono wake usipofika. Sauti ikapanda ikafika pale pa kukatika, ikapapita. Ilikuwa sauti nyembamba, safi, ndogo kabisa. Sikuwahi kuisikia na niliijua. Alikanyaga pedali yangu polepole mpaka ikaisha. Nililia mbele ya wakwe, na sikuona aibu.

Kigelegele nilikisahau. Akakipiga yule mama wa dua, halafu akaja yeye mwenyewe na leso yake, amemkazia macho Bibi Arusi kama anayemvuka nyoka. Fundi akampisha. Akaja mwingine, mnene, mwili wake ukatoa sauti nene. Akaja nyanya yake bwana arusi, mwembamba, akatoa yake. Wakapanga mstari, kila mmoja anataka kusikia mwili wake unasema nini. Wapiga gitaa walishika vyombo vyao wakaanza kuwafuatisha. Walimfuta mpaka uso ukang'aa, na mstari bado ulikuwa mrefu.

"Bamama, nimekauka!" alilia. "Haiko jasho tena! Nendeni mufute bale ba gitaa!"

Hakuna aliyemsikiliza. Alinitazama juu ya mabega yao, mkono wa kushoto ungali umefungwa mgongoni.

"Mama Cherehani, nifungue," alisema, na mimi nikajifanya sikusikia.